Upanga Uliosuguliwa kwa Majivu

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na huandika polepole.

Babu aliwaachia wanawe panga mbili za kijeshi alizorudi nazo vitani. Wa baba yangu ulikuwa unang'aa ndani ya ala yake. Wa baba mkubwa ulikuwa na kutu, na kaka, mwanawe, aliutumia kufukuzia ngedere shambani. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, Chanzuru, nilijivunia wetu kimoyomoyo.

Akaja mzee kutoka Mikumi, mnunuzi wa vitu vya kale. Wetu aliutazama mara moja tu.

"Mzuri, ila Msowero peke yake nimeziona tatu za namna hii. Nitakupeni debe la mafuta ya taa."

Wa baba mkubwa aliupokea kwa mikono miwili. Karibu na mpini palikuwa na maandishi membamba, jina la kikosi.

"Hiki kilikuwa kikosi kidogo. Panga zao wahunzi wamezifua majembe. Sijawahi kuuona mwingine. Jumamosi nitaleta baiskeli."

Baiskeli! Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, wa kwenu katieni kuni. Nitakupakia nyuma, unishikie kuku."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, roho ikiniuma.

Nilipomsindikiza mgeni, aliniambia, "Waambie wasiusugue. Maandishi yakifutika, utakuwa kama wenu tu."

Nikaitikia. Niliporudi nyumbani sikusema neno. Mimi si msemaji, hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa nikamkuta mama mkubwa uani na mchanga, majivu na gunzi la hindi. Kwetu mgeni hapewi kitu kichafu. Alisugua mpaka jasho likamtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo uone! Utang'aa kuliko wenu."

Maandishi yalikuwa bado yanaonekana kidogo. Nilipaswa kusema. Nikamchotea maji.

Jumamosi mzee alipitisha kidole karibu na mpini, mara mbili. Kisha akanitazama. Akauchukua, akawaachia debe la mafuta na kuondoka na baiskeli yake.

"Nimekosea wapi?" mama mkubwa aliuliza, kucha bado zina majivu ya jana.

Sasa tulikuwa sawa, debe kwa debe. Nilidhani nitafurahi. Lakini kaka alikaa kizingitini kutwa nzima, hakunitania hata kidogo.

Hawajui mpaka leo. Mnaosoma haya, niandikieni, mnieleze nimwanzeje mama mkubwa.