Jibu la Kitabu Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Siku hizi mshahara haufiki popote, kila mwalimu ana tuisheni. Nami nilifungua yangu mtaani Mabawa, wazazi wakaja kunipima kabla ya kuniachia watoto. Niligawanya kipeuo cha pili cha 72 kwa kile cha 6, nikapata √12. Kitabu cha kuazima kilisema 2√3. Mimi siamini jambo kwa kuwa limechapishwa, basi nikalikata jibu hilo kwa wino mwekundu, nikawahubiria wazazi uzembe wa wachapaji.

“Mwalimu, kumi na mbili si nne mara tatu?” akauliza Mwanaidi, binti wa mwenye kitabu.

“Ndiyo.”

“Na kipeuo cha pili cha nne?”

“Mbili,” nikajibu, nikiitazama ile 2√3 chini ya wino wangu.

Mama yake akanyoosha mkono. “Haya mwalimu, nipe kitabu changu.”

Wazazi wengine wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni.