Vénérand na Bibi wa Kwenye Simu

Mie na Vénérand tulitenganishwa na ubao. Si ukuta, ubao, ule mwembamba wa kutengenezea makabati. Mwenye nyumba kaupigilia misumari katikati ya chumba kimoja, akapata vyumba viwili. Majumba ya zamani ya huku Point, Durban, mengi yako hivyo. Mtu akipiga chafya upande wa pili unamwambia afya. Kwa hiyo maisha ya Vénérand sikuhadithiwa na mtu. Nimeyasikia kwa masikio yangu haya miaka sita, na kuna siku moja ambayo wallahi natamani ningekuwa kiziwi.

Vénérand alikuwa Mrundi wa Rumonge, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana moja kule Jacobs. Mwaka 2009 dawa ya kusafishia vyuma ilimrukia usoni, macho yote mawili yakaenda. Karakana ikampa pole na kwaheri. Mkewe Goreth, mwanamke mwembamba wa kucheka na mkono mdomoni, akatafuta kazi ya ndani Westville. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Mume anabaki na giza lake.

Mie naitwa Kulthumu, mtu wa Tanga, napika chapati na maharage nawauzia vinyozi wa Kikongo. Siku moja unga ulinishinda, mgongo unauma, nikagonga ubao: "Shemeji, macho hayapo, mikono je?" Nina mdomo mimi, najijua. Akacheka, akaja akipapasa mlango. Mtumee! Yule mtu alikanda unga ukalainika kama shavu la mtoto. Tangu siku hiyo kila asubuhi tulikuwa meza moja, yeye anakanda, mie nasukuma na kuchoma. Goreth alishanifanya dada yake, ndiyo maana ya shemeji.

Asubuhi alikuwa mtu wa mizaha. Ikigonga saa kumi jioni, basi, hofu inamwingia. Hiyo ndiyo saa Goreth anatoka kazini, apande taxi, daladala za huku, mpaka rank, kituo chake cha mjini, halafu atembee mpaka Point. Mwaka 2008 wageni walipigwa nchi hii, na aliyepitia ule mwaka hajawahi kulala usingizi mzima. Vénérand alikuwa akisikiliza ngazi. Akisikia viatu visivyo vya Goreth, namsikia anaguna. Goreth akichelewa dakika kumi, mume anatembea chumbani mpaka anajigonga kwenye kitanda.

Ndiyo akaja Eddy na simu. Eddy ni fundi simu, Mrundi mwenzao, meza yake iko karibu na soko. Ile ya kwanza ilikuwa ya vibonyezo. Unabonyeza kimoja, unataja jina ulilorekodi, nayo inapiga. Inapiga ikipenda! Vénérand akiwa na mafua, haimjui. Taxi ikipiga honi chini, haimjui. "Goreth," anasema. Kimya. "Goreth!" Kimya. "GORETH!" Hapo mie upande wa pili nimeshadondosha sufuria. Nikamwambia, "Shemeji, kwa sauti hiyo huhitaji simu, Westville wamekusikia."

Mwaka 2012 Eddy akamletea ya kioo, mtumba, yenye bibi ndani. Bibi wa Kizungu, anaongea Kiingereza cha puani, na yeye Vénérand Kiingereza chake cha karakana. Na ubaya zaidi, yule mtu alilelewa. Kwao huwezi kumwomba mtu kitu hujamjulia hali. Namsikia: "Bonjour, madame. How are you? The family is okay? Please, me I ask you to call Goreth." Akifika kwenye familia, bibi ameshachoka. "Samahani, sijakuelewa," anasema kwa Kizungu chake. Vénérand anaanza upya, na salamu zake zote. Mara bibi ampe hali ya hewa, mara ampe gereji. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Shemeji, ile ni mashine! Unaisalimia ya nini?"

"Dada, asiyesalimiwa hasaidii," akanijibu.

Eddy akamwambia jina la Goreth bibi hawezi, tumwandike "wife", hilo analijua. Vénérand akakataa wiki nzima. Mke wangu ana jina lake la ubatizo, eti. Saa kumi za jioni zikamshinda, akakubali.

Na nisimdhulumu, bibi alikuwa anajifunza. Polepole mno, eish, kama mtoto wa darasa la kwanza mwenye kichwa kigumu. Kila baada ya miezi Eddy anampakia mambo mapya, na kila mara anapungua ujinga kidogo. Mwaka 2014 Vénérand alikuwa anajaribu mara tatu tu, wakati zamani mara kumi. Lakini bado umpigie kelele, na yeye akujibu kwa kelele, maana Vénérand alimweka sauti ya mwisho ili amsikie jikoni kwangu, sufuria zikilia. Kwa hiyo kila jioni korido nzima inasikia: "Calling wife!" Na Goreth anapokea, "Niko njiani, usiogope." Kila jioni ya Mungu. Hakukuwa na hatari, alikuwa anaogopa tu, na Goreth alishazoea.

Sasa fika Aprili ya 2015. Maneno yalianza mapema: wageni watoke. Maduka yakachomwa vitongojini. Mie niliacha kuvaa kanga nje. Jumapili Léonidas, mkubwa wa korido yetu, akatukusanya, Waislamu na Wakristo, akatupa sheria. Sheria kubwa ilikuwa hii: ndani ya taxi hakuna kupokea simu. Ukifungua mdomo tu, lafudhi imekutaja, na dereva akisimama pabaya umekwisha. Mwenye shida na mtu aliye njiani asimpigie, amwandikie. Sote tuliitikia. Vénérand akauliza, "Na sisi tusioweza kuandika?" Nikajibu mimi, tena kwa sauti mbele ya watu: "Nipo mie, shemeji. Mimi ndio macho yako." Goreth akanishika mkono.

Jumanne ile, saa kumi na nusu jioni, mlinzi wa geti alipanda ngazi anahema. Mzee wa Kizulu, sote tukimwita Baba. Akasema wanakuja, wengi, wana marungu na mapanga. Kule rank wanawashusha watu kwenye taxi na kuwauliza maneno ya Kizulu. "Fungeni milango. Zimeni kila kitu. Nitawaambia humu hakuna mgeni hata mmoja. Nikisikia sauti huku juu, mmenifanya mwongo, na watatuua sote." Akashuka.

Nilifunga mlango kwa komeo na kwa meza. Simu nikaizima, maana ikilia imeniua. Nikaingia chini ya kitanda, mtu mzima na mwili wangu huu, pua kwenye vumbi. Meno yalikuwa yanagongana mpaka nikauma upande wa mtandio.

Ndipo nikasikia nyuma ya ubao: "Call wife."

Alinong'ona. Siku hiyo hakumsalimia. Bibi akajibu kwa sauti ya kuita watu msikitini: "Samahani, sijakuelewa!" Nikahisi haja ndogo inanitoka, nasema kweli. Kwa mbali, barabarani, kelele zilianza kusikika, na filimbi.

Nilimlaani. Nasema yote leo. Nililaani moyoni, nikasema kipofu huyu atatuchinjisha kwa ajili ya mke mmoja. Mama yangu alikuwa akisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nikaishikilia ile methali chini ya kitanda kama tasbihi.

Nikasikia blanketi linaburutwa. Aliifunika simu, na nadhani aliingia na kichwa chake humo humo. Akanong'ona tena, chini zaidi, na safari hii, baada ya miaka yote ile ya kupigiwa kelele, bibi alimwelewa kwa mnong'ono. "Calling wife," akasema, sauti ya kutoka kwenye shimo. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Hakupokea. Akapiga tena. Bibi akamwelewa tena. Hakukosea hata mara moja, mara ya tatu, ya nne, ya saba. Goreth hakupokea, kwa sababu alikuwa ndani ya taxi na sheria aliishika.

Kisha ubao ukagongwa kwa kucha, mara tatu, karibu kabisa na kichwa changu.

"Dada Kulthumu."

Nikaubana mtandio kwa meno.

"Dada. Goreth hapokei, yuko ndani ya taxi. Mwandikie tu. Mwambie ashuke kabla ya mjini, asifike rank. Dada, neno moja tu."

Namba ya Goreth nilikuwa nayo. Simu nilikuwa nayo mkononi, na chaji imejaa. Lakini simu yangu ile ukiiwasha inaanza na muziki, wimbo mzima, hauna pa kuuzimia. Nikaupima ule wimbo na wale watu barabarani. Ningeweza kuifunika blanketi, yeye alifanya hivyo na macho hana. Ningeweza kufungua mlango hatua mbili nikachukua simu yake nikaandika kwa vidole vyangu. Mawazo yote haya yalinijia, msidhani sikufikiri. Mwili ulikataa. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na sikutaka kufa, basi.

"Dada, uko hapo?"

Nikaacha hata kupumua.

Akangoja. Halafu nikamsikia anasema taratibu, peke yake, "Hayupo." Akarudi kwenye blanketi. "Call wife," akasema.

Walifika getini. Walipiga vyuma, wakapiga kelele, jiwe likavunja dirisha la ghorofa ya pili. Nilimsikia Baba anawajibu kwa Kizulu, mrefu, bila haraka, hata akacheka nao. Chini ya blanketi simu ilikuwa inaita. Wakaondoka. Mie nilitoka chini ya kitanda magharibi, na nilipogonga kwa Vénérand nilikuwa na mfuko mkononi.

"Shemeji, ndio naingia. Nilikwama sokoni."

"Alhamdulillahi," akaniambia, yeye Mkatoliki, kwa kunifurahisha mimi. "Nilikuwa naomba usiwe njiani." Kisha akanyoosha simu hewani, upande ambao sipo. "Niangalizie, dada. Amejibu?"

Hakuwa amejibu.

Goreth alirudi siku ya nne, Léonidas amemkuta kwenye mahema waliyowekewa wageni waliokimbia. Mkono wa kulia una plasta mpaka begani, meno mawili ya mbele hayapo, jicho limefunga. Walimshusha pale rank, wakamuuliza kiwiko kwa Kizulu kinaitwaje, hakujua. Mwanamke mmoja muuza mahindi alimlalia juu akilia kwamba huyu ni mkwe wangu, ndiyo akapona. Vénérand alimpapasa uso wote, polepole, na alipofika mdomoni akalia kama mtoto. Mie nilisimama mlangoni na bakuli la uji.

Kesho yake Vénérand alikuwa kwangu anakanda. Nikaenda kumwona Goreth na bakuli jingine la uji. Alikuwa amekaa kitandani, ananitazama kwa jicho moja, na bado anajaribu kufunika mdomo akitabasamu, kwa mkono wa kushoto.

"Da Kulthumu, yule mtu alinipigia mara kumi na tisa," akasema. "Simu ilikuwa inatetemeka kwenye sidiria, mimi naiona tu. Tulikuwa tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, tena mlango uko wazi, watu wanashuka. Nikafikiri, nishuke?"

"Mbona hukushuka?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Vénérand anaogopa kila jioni, wewe unamjua. Nikaangalia kama umeniandikia wewe. Hukuwa umeandika. Nikasema, basi, kama ingekuwa hatari ya kweli Da Kulthumu angeniandikia. Nikatulia. Nikarudisha simu ndani, tukaenda."

Uji ulikuwa unanimwagikia vidoleni na sikuusikia.

"Nilikuwa sokoni," nikasema.

"Ndiyo, Vénérand aliniambia. Usijali, dada." Akainamisha kichwa, akanipa kitambaa chake. "Nifungie, mkono mmoja hauwezi."

Nikaweka bakuli chini, nikamfungia. Fundo likanikatalia mara mbili, akaniambia nikapumzike, huenda nina homa.