Mikono Yote Miwili Kwenye Mbuta

Bora niwasimulie mwenyewe, maana nikinyamaza Ekai atawasimulia kwa njia yake na atanichora vibaya zaidi: mimi Akiru, mwenye duka la kuchapa na fotokopi pale Lodwar, ninayeandikia nusu ya mji barua za kuomba kazi, niliaibika Kakuma mbele ya watu wazima mpaka masikio yakaniwasha, na hiyo aibu hakuna aliyenipikia, nilijipikia mwenyewe.

Niligundua kwamba ile ensaiklopidia ya mtandaoni inayosomwa na kila mtu inaandikwa na watu wa kawaida kama mimi na wewe, basi nikajiuliza, huyu baba yangu anayeuza samaki kule Kerio, kando ya Ziwa Turkana, tangu mimi niko tumboni, kwa nini asiwemo? Nikamwandikia ukurasa. Nikasema ndiye mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote upande huu wa ziwa (nani angenipinga, samaki?), na ili isijulikane kwamba anayesifu ni binti yake nikajisajili kwa jina la siri, Apalokwang. Sasa, kwetu Waturkana mwanamume huitwa kwa jina la maksai wake anayempenda, na Apalokwang ndilo jina la baba, kwa ajili ya yule maksai wake mweupe. Nikasema watu wa Nairobi watajulia wapi.

Ikabaki picha. Kulikuwa na moja nzuri sana kwenye ukurasa wa mtandaoni wa studio ya Baba Furaha, mpiga picha Mkongo anayekaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliyoipiga siku kwaya yao ilipokuja kanisani kwetu na baba akatoa sadaka ya samaki, mbuta mkubwa: baba ameshika kichwa, mimi nimeshika mkia, sote tunacheka. Kwenye kona palikuwa na jina la studio yake, nikaikata ile kona, kidogo tu (mimi mwenyewe sikujikata, siku hiyo nilikuwa nimependeza). Mtandao ukaniuliza picha ni ya nani, nikabonyeza kwamba ni kazi yangu mwenyewe, kisha nikampigia baba simu. Baba akachinja mbuzi. Kerio nzima ikajua kwamba mzee ameingia kwenye vitabu vya dunia.

Wiki mbili baadaye kukawa na mafunzo ya waandishi wapya wa ensaiklopidia hiyo, huko Kakuma, nikaenda na rafiki yangu Ekai. Mkufunzi, dada mmoja mpole aitwaye Muthoni, akauliza kama kuna mtu aliyekwisha kuandika chochote. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Akaufungua ukurasa wangu ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, na mimi nikageuka kuwaangalia watu ili wanione vizuri.

Ekai ndiye wa kwanza kucheka. "Ai, Akiru! Apalokwang si ni jina ya ng'ombe ya mzee yako?"

Watu wa Lodwar wote wakaangua kicheko. Nilisahau kabisa kwamba jina la siri huwa siri kwa wageni tu. Muthoni akatabasamu, akasogea karibu na ukuta.

"Hapa imeandikwa picha uliipiga wewe mwenyewe. Na huyu aliyeshika mkia ni nani?"

"Ni mimi," nikasema kwa fahari (kwa fahari, jamani!).

"Mikono yako yote miwili iko kwenye samaki. Kamera ilishikwa na nani?"

Nikaihesabu mikono yangu pale ukutani, miwili kweli. Na hapo, kutoka viti vya nyuma, mwanamume mmoja akasimama polepole, na ninaapa sikuwa nimemwona alipoingia. Ni Baba Furaha, na kile Kiswahili chao cha Kongo, ndio yetu kwao ni njo.

"Ile foto ni mimi njo niliipiga, dada. Kona yenye ilikuwa na jina yangu iko wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema nyumba yao ilibaki Kongo, shamba likabaki, yeye akatoka na kamera. "Hizi foto njo shamba yangu. Wewe umeng'oa kibao, ukaweka jina ya ng'ombe."

Niliona aibu, aibu ya kweli sasa, si ile ya kuchekwa. Nikamwomba msamaha mbele ya wote. Muthoni akaeleza bila kunisimanga kwamba picha kuonekana mtandaoni hakuifanyi kuwa ya kila mtu, aliyeipiga ndiye wa kuitoa kwa hiari yake. Na ukiwa na jambo kuhusu mzazi wako, unasema wazi yeye ni nani kwako, unaliweka kwenye ukurasa wa majadiliano, unawaachia wengine wapime. Ukurasa wangu ukafutwa kabla ya chai.

Jioni simu ikalia. "Ejok, Akiru," baba akanisalimu, sauti ya chini. "Watu hapa wanasema nimefutwa. Nimekosea nani?"

Nilimweleza yote. Akaniambia nirudi kwa yule mpiga picha, nikae naye vizuri. Nikarudi, nikamsaidia kujisajili kwa jina lake halisi. Picha akaipakia kwa mkono wake, nzima, na kona yake, na baadaye Muthoni akaiweka kwenye ukurasa wa samaki aina ya mbuta, jina la Baba Furaha likiwa chini yake. Baba Furaha alilisoma mara tatu. Na baba yangu sasa anawaonyesha watu Kerio: "Huyo mwenye anashika kichwa ni mimi."

Mimi bado naandika, na naandika vizuri, msidhani nimeacha. Ila kabla sijabonyeza kitu najiuliza: mikono yangu ilikuwa wapi picha hii ikipigwa, na huyu ninayemsifu, nyumbani ananiita nani?