Mlinzi Aliyekataa Kuanguka kwa Heshima

Saa moja kasorobo asubuhi, walinzi tisa wanavua viatu mlangoni mwa stoo nyuma ya hospitali. Ndani yametandazwa magodoro manne yaliyochanika, ambayo wodi hazina haja nayo tena. Katikati amesimama mama mfupi wa miaka arobaini na sita, mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri.

Mlinzi mpya mwenye kifua kipana anamkwida shati. Mama anamgusa shingoni kwa ncha za vidole, na jamaa anadondoka kama gunia. Wenzake wanacheka.

"Inuka," mama anamwambia. "Bado sijakupiga. Nani kakwambia uanguke?"

Jamaa anajikuna kichwa. Huko alikojifunza kupigana, mwalimu akigusa unaanguka, ndiyo adabu yenyewe.

Huyu ndiye Mama Geti. Ana miaka kumi na minne kwenye geti la wagonjwa wa dharura, na usijisumbue kumwambia wewe ni shemeji wa daktari. Saa ya kuona wagonjwa ikipita, imepita.

Kwa miaka kumi na mmoja alijifunza kupigana kwenye klabu moja ambayo ukutani ilikuwa na mchoro mkubwa wa mwili wa binadamu, wenye vidoti vyekundu thelathini na sita. Walikuwa wakiviita pointi. Mwalimu aliwaambia kidole kimoja kikitua kwenye pointi, hata jitu linalala. Aliamini yote. Kwa nini asiamini, ikiwa kila aliyemgusa alianguka? Na yeye akiguswa na Mwalimu, alianguka vilevile.

"Nilikuwa naanguka hata kabla mkono haujafika," anasema bila haya. "Ungemwacha mwalimu wako aaibike mbele ya wageni?"

Kisha ikaja Jumanne moja mchana, miaka sita iliyopita. Mwanamume aliyetoka kuambiwa kwamba ndugu yake amefariki alirudi mbio akimtaka daktari. Mama Geti alimzuia, akampiga chini ya sikio, pointi ambayo klabuni alikuwa anasifiwa nayo. Ikatua sawasawa. Akarudia.

"Aliniangalia kama mtu aliyetuliwa na inzi," anasema.

Yule bwana alimkamata mkono akaupinda kwenye chuma cha geti. Kiwiko kilivunjika sehemu mbili, akakaa na plasta wiki tisa. Hamlaumu, anasema mtu mwenye msiba hana akili zake. Kinachomkera hadi leo ni ule mchoro. Alirudi klabuni mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, akamweleza Mwalimu mbele ya wote. Mwalimu akajibu kwamba bila shaka alikosea kwa upana wa kidole kimoja. Mama Geti akachoka kabisa.

Sasa, mwaka huu, kampuni ya ulinzi iliyowaajiri imemleta Mwalimu yuleyule. Mafunzo ni siku mbili, halafu kila mlinzi anasaini fomu kwamba anaweza kumdhibiti mtu kwa pointi. Asiyesaini anaondolewa kwenye zamu. Walinzi thelathini na saba wamesaini. Aliyebaki ni mmoja, na mnamjua.

Kiwiko si sababu pekee. Kitindamimba wake, binti wa miaka ishirini na miwili, ameajiriwa kwenye geti hilohilo na anaanza mwezi ujao.

"Nisaini, mwanangu naye aamini kwamba atamzuia mtu aliyechanganyikiwa kwa kidole?" anauliza. "Nimrithishe uongo ulionivunja mkono? Thubutu."

Kampuni ilipompa wiki moja ya kufikiri, alijibu kwa ombi: Mwalimu aje ampige yeye, popote apendapo, mbele ya wote. Akianguka, atasaini.

Ijumaa iliyopita Mwalimu alikuja. Mama Geti alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akasimama mikono chini. Pigo la kwanza lilitua chini ya sikio. La pili upande wa ndani wa mkono, la tatu chini ya mbavu. Machozi yakamtoka, lakini hakuanguka. Mwalimu akainua mkono kwa pigo la nne, kisha akaushusha.

"Inauma," mama aliwaambia walinzi huku akijifuta uso. "Sijasema haiumi. Nasema nimesimama. Na mimi nilitulia nikamsubiri. Mwenye hasira hasubiri umtafute pointi."

Gazeti hili lilimpigia Mwalimu simu. Alisema pointi zipo na maumivu yapo. Akaongeza kwamba kwa miaka thelathini hakuna mwanafunzi aliyewahi kubaki wima mbele yake. "Hakuna aliyeniambia kwamba wanaanguka kwa heshima tu," alisema.

Kampuni bado haijamjibu Mama Geti, na jina lake halimo kwenye zamu za mwezi ujao. Hata hivyo kila asubuhi stoo inafunguliwa. Anafundisha kupaza sauti mapema, kuweka mlango kati yako na mtu, kutoegemea chuma, na walinzi wawili kumshika mtu mmoja. Mpango wake ni kuwaingiza na wauguzi, maana nao wanapigwa. Wakimtoa getini, anasema, atafundishia nje ya ukuta.

Leo binti yake yuko kwenye godoro kwa mara ya kwanza. Mama anamsogelea na kumbonyeza shingoni kwa nguvu. Binti anakunja uso, magoti yanaanza kulegea, adabu ya nyumbani inamvuta chini. Anamtazama mama yake machoni, halafu ananyoosha magoti.

"Haya," anasema Mama Geti. "Sasa nisukume."