Hajambo, Alhamdulillahi

Mpaka leo kamba wakichemshwa nyumbani kwangu, natoka nje. Si maradhi, ni kinyaa, na najua kilianzia wapi.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Motaboti moja ilikuwa ikiwachukua wageni Bagamoyo, ikiwazungusha visiwani kutazama ndege na matumbawe, kisha jioni ikiwashusha Unguja. Sisi wenyeji tuliwekwa nyuma, penye moshi wa injini. Wageni wakichefukwa walikuja kutapika huku huku kwetu, wala hawakuona haya.

Mimi na mama tulikuwa tunakwenda kwa mdogo wake wa kike, aliyekuwa mahututi. Alikuwa ameagiza neno moja tu: akifa, asioshwe na mwingine ila dada yake. Na kwetu maiti halazwi. Anayechelewa hukuta udongo.

Nahodha alikuwa mtu wa pwani kama sisi, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo, alhamdulillahi."

Hajambo! Mtu hajameza hata uji siku ya tatu hiyo! Lakini kwa mama, kuitamka hali yake ilikuwa ni kumchuria mauti. Nilifumbua mdomo niseme kweli, akanifinya paja. Mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tunaisema methali hiyo kutwa, na bado tunaficha.

Basi nahodha akaona hatuna haraka, hakufupisha safari. Tulipofika kwenye fungu la mchanga, wageni wakashuka kula, nasi tukashuka. Walikaa tangu saa nne mpaka adhuhuri ikapita. Walivunja kamba kwa meno, siagi ikiwatiririka videvuni, maganda wakiyatupa pale pale walipokaa. Mama alipotandika kanga apate kusali, mmoja alimsogelea na kamera mpaka karibu amkanyage, mkononi bado kashika mguu wa kamba. Walinichukiza, na nahodha aliyekuwa akiwachekea alinichukiza zaidi.

"Dada, nisaidie kuosha sahani," akaniambia, "tupate kuondoka mapema."

Nikaziosha zote kwa mchanga na maji ya bahari, mbio mbio. Nilipomaliza, wageni wakataka chai. Hata hapo sikumwambia.

Tulifika Unguja magharibi inakaribia. Nyumbani kwa mama mdogo, wanawake walikuwa wamekaa mkekani. Jirani mmoja akainuka, akampokea mama.

"Dada yangu, tulikungoja mpaka alasiri. Tungefanyaje? Tumemwosha sisi."

Mama hakulia. Alipiga magoti mkekani, akaishika mikono ya yule jirani, akainusa. Bado ilikuwa na harufu ya karafuu maiti. Akaenda kwa wa pili, akanusa, akaenda kwa wa tatu. Kisha, bila kutazama ni ya nani, akaishika na yangu.

Ilinuka kamba.