Mipaka Yote Aliyoijua Baba

Baba yangu alijua mipaka ya dunia nzima. Ukimwuliza Habeshi imepakana na nani, atakuhesabia kwa vidole. Ukimwuliza Mjerumani alivukia wapi, atachora kwa fimbo kwenye vumbi mbele ya duka la Mhindi pale Kagoma, na wanaume wazima watainama kulitazama vumbi lile. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yao na chupa yangu ya mafuta ya taa, nikisubiri wamalize kutawala dunia ili nipite. Hadi leo nikiikumbuka ile fimbo natamani ningeivunja.

Alikuwa amestaafu ualimu wa misheni ya Kilutheri, na kanisani alikuwa mzee wa baraza. Gazeti lilikuja na lori kutoka Bukoba, limechelewa wiki mbili au zaidi, na Mhindi alimpa yeye kwanza kwa sababu alisoma kwa sauti na wasikilizaji walinunua chumvi. Akishasoma, kila mtu anatoa lake. Mwuza samaki mmoja kutoka Bumbire alisema watu wa kisiwani wanaogopa kutega nyavu mbali, eti kuna meli ya Mjerumani inayotembea chini ya maji. Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Imepandaje maporomoko ya Jinja mpaka ikafika ziwani? Kwa ngazi?" Mwingine akasema heri Mjerumani arudi, maana alikuwa mkali lakini akisema neno ni hilo hilo. "Wewe ulichapwa viboko lini?" baba akamkatiza. "Mimi nilichapwa. Keti chini."

Mpaka wetu na Uganda nao ulimkera. Alisema umechorwa kwa rula na mtu ambaye hakumwuliza hata mkulima mmoja mwenye mgomba pale. Lakini aliyemtoa povu zaidi ni Mtaliani, kwa kuwa aliichukua nchi ya Habeshi isiyo yake. "Mwizi wa ardhi," alikuwa akisema, "ni mbaya kuliko mwizi wa ng'ombe. Na anayemwona akanyamaza, naye ni mwizi." Kisha anatugeukia kwa majivuno: "Mkwe wangu yuko huko huko na bunduki, anawarudishia watu nchi yao!"

Mkwe mwenyewe ndiye mume wangu. Alichukuliwa jeshini, akaniacha na mtoto mgongoni na kibanja cha kulinda: migomba, mibuni, na kaburi moja dogo. Kaburi hilo lilikuwa la mwanangu wa kwanza, msichana, aliyekufa kwa surua hata hajatimiza miaka miwili. Sisi Wahaya wafu wetu tunawazika kibanjani, tunaishi nao. Tulimlaza chini ya migomba, hatua nane kutoka mpakani, tukamzungushia mawe.

Mpaka wenyewe ulikuwa wa omulamula, mmea wa majani marefu ambao kwetu ndio alama ya mwisho wa kibanja. Unapandwa mbele ya shahidi, na hakuna anayeugusa tena. Siku ya kuupanda walikuwepo watu watatu: mume wangu, jirani yetu, na baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa shahidi.

Nilikwenda Kashozi kumwuguza dada yangu aliyejifungua vibaya. Nilikaa wiki tatu. Niliporudi nilikuta omulamula umehama. Umeng'olewa wote, mstari mzima, ukapandwa upya hatua kumi ndani ya kibanja changu. Udongo ulikuwa umelimwa na maharage yameshachipua vizuri, mistari imenyooka. Nilitafuta mawe ya mwanangu. Nikayakuta yamerundikwa kando ya njia. Maharage yalikuwa yameota juu ya kaburi lake.

Yesu wangu! Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka, anatafuna kahawa yake taratibu. "Mpaka ulikuwa hapa siku zote," akasema. "Mumeo akirudi tutaongea, wanaume kwa wanaume."

Nilipanda mlima kwenda kwa baba, mtoto analia mgongoni nami simsikii. Nilimkuta anaandika kwenye daftari lake majina ya miji iliyotekwa. Nilimweleza. Aliweka kalamu chini.

"Tata, siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nakumbuka hata mvua ilitukuta pale. Mpaka uko nyuma ya kaburi, upande wake yeye."

Nilishusha pumzi. Nikajua mambo yamekwisha. "Basi twende gombolola, barazani, ukaseme hivyo hivyo."

Aliinuka akafunga mlango, mchana kweupe, na aliporudi kuketi alisema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Yule ni omunywani wangu."

Sikuamini masikio yangu. Kunywana maana yake watu wawili wanachanjana, wanaipaka damu yao kwenye buni la kahawa, kila mmoja anameza damu ya mwenzake. Toka hapo ni ndugu kuliko ndugu, na ukimsaliti, ukisimama kumshitaki au kumtolea ushahidi, ile kahawa inakuvimbia tumboni unakufa. Baba alikuwa amefanya hayo ujanani, kabla ya ubatizo, na hakumwambia mtu yeyote kanisani. Kanisani! Pale pale alipowasimamisha vijana mbele ya watu na kuwatoa machozi kwa ajili ya hirizi!

"Wewe si Mkristo?" nikamwuliza.

"Mimi ni Mkristo. Lakini niliimeza."

"Miaka arobaini imepita, tata. Ulishaitoa siku ya pili yake!"

Katika maisha yangu yote sikuwahi kusema na baba hivyo. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akasema tu, kana kwamba ananifariji: "Na utafanya nini na hatua kumi, mwanangu? Dunia ya leo watu wanapoteza nchi nzima."

Hatua kumi! Kama angenipiga kofi ningemsamehe mapema. Nilimwambia kwamba mjukuu wake yuko ndani ya hizo hatua kumi, na kwamba nitakwenda gombolola hata kama ni peke yangu, na nitamtaja yeye kuwa shahidi wangu.

Nikaenda. Barazani mkuu wa gombolola alinisikiliza vizuri, nisimsingizie. Akauliza kama nina shahidi. Nikasema shahidi ninaye, anasoma gazeti dukani. Watu walicheka. Akatumwa mjumbe, na baba akaja amevaa koti lake la Jumapili, fimbo mkononi. Jirani alikuwa ameketi upande wa kushoto. Hawakutazamana.

Baba alishika Biblia. Akaulizwa mpaka wa asili uko wapi.

"Ni siku nyingi," akasema. "Mimi sasa ni mzee. Sikumbuki vizuri."

Mtu aliyejua jina la kila mto wa Habeshi! Niliinuka nikasema, "Tata, mvua! Ulisema mvua ilinyesha!" Mkuu akaniambia nikae. Nikasema tena. Wakanikalisha. Kesi ikaisha kabla jua halijafika utosini: hakuna ushahidi, mpaka ubaki ulipo. Jirani alinifuata nje akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba nikitaka kumwona mtoto niwe napiga hodi kwanza.

Niliyala machungu hayo muda mrefu. Maharage yalikomaa, yakavunwa, yakapikwa kwenye nyumba ile. Nilisikia harufu yake jioni nikiwa jikoni kwangu, nikamwaga chakula changu nje. Sikwenda kwa baba. Aliniletea ndizi kwa mkono wa mtu, nikazirudisha.

Halafu likaja gazeti lenye habari kwamba Mtaliani amefukuzwa, Wahabeshi wamerudishiwa nchi yao. Nilisikia vigelegele tangu barabarani. Nilikuwa sina chumvi, ikanibidi niende. Dukani palijaa watu kama siku ya sikukuu, baba katikati, amesimama juu ya sanduku la Mhindi. Alikuwa analia, kweli kabisa, machozi yanamshuka kwenye ndevu. "Haki imeshinda!" anasema. "Mwenye ardhi amerudi kwenye ardhi yake!" Kisha akaniona. Akanyoosha mkono, uso umemfunguka. "Huyo, mke wa askari wetu! Mpisheni!"

Wakanipisha. Nikawa nimesimama mbele yake, watu wote wakitutazama, wakisubiri.

Kwetu binti humsalimia baba yake akiwa amepiga magoti. Barabarani, kwenye tope, akiwa na mzigo kichwani, hata kama yeye mwenyewe ana wajukuu. Nilifanya hivyo tangu nilipoanza kutembea, na sikumjua mwanamke hata mmoja ambaye hakufanya.

Nilimtazama usoni. "Umeshindaje, tata," nikasema, nimesimama wima.

Vigelegele vilikatika. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema "Ala!" taratibu. Baba alingoja, labda alidhani mtoto mgongoni amenizuia. Aliyatazama magoti yangu, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa.

Nilimpa Mhindi senti zake, nikachukua chumvi. Baba aliinua gazeti, akaanza kusoma tena habari ile ile tangu mwanzo, kwa sauti ndogo, na watu wakajifanya wanasikiliza.