Watoto wa Ng'ambo ya Mfereji

Siku niliyoripoti kazini, katika sekondari moja ya bonde la Usangu, si mbali na Chimala, Mkuu wa Shule alinikabidhi kidato cha tatu na onyo. "Mwalimu, watoto wa wafugaji hawapendi shule. Wasiporudi muhula huu nawafuta. Usijisumbue nao."

Nilikuwa bado sijajua kuchoka. Nikawaambia wanafunzi wangu kwamba hayo ni maoni, na maoni si utafiti. Aliyekaribia kufutwa ni mwenzao Kabula, binti wa Kisukuma, hodari wa hesabu, aliyetoweka tangu mvua zianze.

Tukaamua kwenda kuwauliza wazazi wenyewe, na Mwalimu wa Taaluma akatutungia dodoso, yaani maswali yanayoulizwa kwa kila mtu kwa namna ile ile. La kwanza: "Mna ng'ombe wangapi?" Jamani! Mgeni hamuulizi mfugaji hesabu ya ng'ombe. Tulidandia lori la mpunga, tukazunguka kwa barabara kuu hadi kwa mama Kabula. Kusikia swali lile, akasimama. "Mmetumwa kutuhesabia ng'ombe ili tuhamishwe?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumamosi iliyofuata tuliliacha dodoso shuleni. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Tukaketi chini, tukamenya naye karanga, tukamwacha aongee apendavyo. Hiyo nayo ni njia ya utafiti, tena ngumu, maana inataka ufunge mdomo.

"Shule naipenda, mwalimu," akasema. "Ule mfereji wa mashamba ndio naogopa. Ukijaa, mtoto atavukaje? Na akizunguka kwa barabara atafika saa ngapi?"

Wanafunzi waliyaeleza hayo mbele ya Mkuu wa Shule na serikali ya kijiji. Magogo yakalazwa juu ya mfereji, Kabula akarudi darasani. Nilifurahi mno siku ile.

Baadaye nilihamishiwa Igowole, kisha Iringa mjini. Kote nilikuta maneno yale yale: hawa hawapendi shule, wale wavivu. Afisa Elimu mmoja aliniambia utafiti ni kazi ya chuo kikuu. Nimebishana mpaka koo limekauka. Sasa nimestaafu, niko Kalenga, na kusema kweli nimechoka.

Juzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu huko milimani, alinipigia simu akilalamika kuwa wazazi wa kijiji fulani hawajali elimu. Nikamuuliza kama amewahi kufika kwao.

"Bado, mwalimu. Barabara ya kule mbovu, hata pikipiki haipiti."

"Na watoto wao," nikamuuliza, "wanapita wapi?"